Je, kofia ya zirkonia inasaga meno mengine? Kauri za meno na namna zinavyochakaa

Mtu akiambiwa jino lake linahitaji kuvalishwa kofia, mara nyingi hupewa karatasi ya bei yenye majina matatu au manne: kauri juu ya chuma, E-max, zirkonia, na siku hizi zirkonia ya tabaka nyingi. Kabla hajaamua, kuna aliyemwambia kwamba zirkonia ni ngumu mno, itayala meno ya upande wa pili. Mwingine kamhakikishia kwamba zirkonia haivunjiki. Wa tatu kasema E-max ndiyo yenyewe, nyingine zote ni za bei rahisi. Neno la kwanza lina ukweli ndani yake ila umepinduliwa. La pili ni nusu ya ukweli. La tatu ni mapenzi ya jina la biashara.

Tuanze na maneno. Kofia ya jino, ambayo vitabu huiita taji, ni gamba linalofunika jino lililochongwa, kuanzia juu hadi karibu na ufizi. Huvalishwa jino lililooza sana, lililovunjika, au gego lililotibiwa mizizi, kwa kuwa gego la namna hiyo limebaki na kuta nyembamba na hupasuka kirahisi. Enameli ni tabaka gumu la nje la jino, na chini yake kuna dentini, ambayo ni laini zaidi na ya rangi ya manjano. Kauri ni ndugu wa kikombe cha chai na kigae cha sakafuni: madini yaliyochomwa kwa joto kali mpaka yakashikamana.

Maneno mawili yanahitaji kutenganishwa mapema kwa sababu ndipo mkanganyiko wote unapoanzia. Kusagika ni uso kupungua kidogo kidogo kwa msuguano. Kuvunjika ni ufa kuanza mahali na kusafiri. Kitu kinaweza kuwa hodari katika moja na dhaifu katika jingine. Glasi ya dirishani haisagiki kirahisi, lakini jiwe moja la mtoto linaimaliza.

Familia tatu za kauri

Ya kwanza ni kauri ya zamani, iliyo karibu na glasi kwa asili yake. Kwa uzuri haina mshindani: inapitisha mwanga na kuonyesha kina cha rangi kama jino la kuzaliwa nalo. Kwa nguvu ni dhaifu, kwani kipande chake kikikunjwa huvunjika kwenye megapaskali (kipimo cha mkazo ambao kitu hustahimili) 60 hadi 110 hivi. Ndiyo maana kwa miongo mingi imekuwa ikichomwa juu ya kikofia cha chuma, chuma kikibeba mzigo na kauri ikibeba sura. Hiyo ndiyo kauri juu ya chuma, na bado ni kofia ya kuheshimika. Kasoro yake inayojulikana ni mstari wa kijivu unaojitokeza ufizi unaposhuka. Watu huudhania ni uozo, kumbe ni ukingo wa chuma umeonekana.

Ya pili ni glasi iliyotiwa fuwele. Fikiria zege: saruji peke yake hupasuka, lakini ikichanganywa na kokoto, ufa hulazimika kuzunguka kila jiwe na njiani huchoka. Katika litiamu disilikati, ambayo wengi wanaijua kwa jina la IPS e.max la kampuni ya Ivoclar ya Liechtenstein, fuwele zina umbo la sindano nyembamba zilizopishana kama miyaa ya mkeka. Nguvu yake ni megapaskali 360 hadi 500, kutegemea kama imeshindiliwa kwa joto au imechongwa kwa mashine. Kwa kuwa bado ina glasi ndani yake, ina sifa moja ambayo zirkonia haina, nayo ni kwamba asidi inaweza kuila kidogo na kuacha vishimo ambamo gundi inazama na kushika.

Ya tatu ni zirkonia. Hii haina glasi, ni chembechembe tupu zilizobanana. Uhodari wake hautokani na ugumu, kama wengi wanavyodhani. Wanaojua majahazi wanajua kwamba chombo kilichokaa juu ufukweni huvuja siku ya kwanza kikishushwa majini, kisha mbao hunywa maji, hujaa, na mianya hujifunga. Zirkonia hufanya jambo linalofanana na hilo. Ufa unapofika kwenye chembe, chembe ile hubadili umbo lake la ndani na kuvimba kwa asilimia 3 hadi 5, na uvimbe huo huubana ufa na kuuzuia kuendelea. Kwa njia hii zirkonia ya kawaida hufikia megapaskali 900 hadi 1,200.

Lakini zirkonia si moja, na hapa karatasi nyingi za bei zinanyamaza. Ndani yake hutiwa itria, oksidi ya madini ya itriamu, ili chembe zitulie katika umbo linalotakiwa. Ikitiwa kiasi cha 3 kwa 100 kwa hesabu ya molekuli, unapata zirkonia ile hodari, nyeupe iliyofifia kama chaki. Ikiongezwa hadi 5, mwanga unapita vizuri na jino linapendeza, ila sehemu kubwa ya chembe inakuwa ya aina isiyoweza kuvimba. Mbao hazijai tena. Nguvu hushuka hadi kwenye megapaskali 500 hadi 750, na uwezo wa kuzuia ufa unakaribiana na wa litiamu disilikati. Ya 4 iko katikati. Zirkonia ya tabaka nyingi huwa imepangwa rangi kutoka ufizini hadi kwenye ncha, na katika baadhi yake kiasi cha itria nacho kinabadilika, kwa hiyo ncha ni dhaifu kuliko shina. Anayenunua "zirkonia" kwa sababu kasikia haivunjiki, kisha akapewa ile ya 5 kwenye gego la mwisho, kapata jina tu.

Ugumu si ukwaruzaji

Sasa swali lenyewe. Kwa kipimo cha ugumu, zirkonia inazidi enameli mara tatu hadi nne. Kauri ya zamani ni kama nusu tu ya ugumu wa zirkonia. Kwa hesabu ya haraka, zirkonia ndiyo ingekula meno zaidi. Vipimo vya maabara na vya midomoni vinaonyesha kinyume: zirkonia iliyong'arishwa vizuri hula enameli ya upande wa pili kidogo kuliko kauri ya zamani.

Chukua tupa ya seremala na kijiko cha mezani. Vyote ni chuma. Vipitishe vyote juu ya ubao mara mia moja. Tupa itatoa vumbi, kijiko kitaacha ubao umeng'aa. Kinachokwaruza ni meno ya tupa, yaani uso wake. Zirkonia ina chembe ndogo sana, chini ya mikromita moja (sehemu moja ya elfu ya milimita), na zimefungamana, kwa hiyo ikishang'arishwa inakuwa kijiko na inabaki kijiko kwa miaka. Kauri ya zamani huanza ikiwa laini, lakini inapotafuniwa humeguka vipande vidogo, matundu ya hewa yaliyozikwa ndani hujitokeza, kingo zake zinakuwa kali, na vipande vilivyomeguka vinakaa kati ya meno mawili kama mchanga. Kijiko kimegeuka tupa. Litiamu disilikati iko katikati. Ikiwa imeng'arishwa haina neno, ila nayo inasagika kidogo kidogo na uso wake hukwaruzika kadiri miaka inavyokwenda.

Tuweke na kipimo. Enameli ya magego yanayotafunana yenyewe kwa yenyewe hupungua kwa kiasi cha mikromita 30 kwa mwaka, chini ya nusu ya unene wa unywele. Hiyo ni kawaida ya maisha. Kofia nzuri ni ile isiyozidisha sana kiasi hicho, wala yenyewe isipungue haraka ikaacha pengo.

Ukweli uliopinduliwa katika uvumi wa zirkonia uko hapa: zirkonia yenye uso wa kukwaruza ni mbaya sana, kwa sababu haitajisafisha. Kauri laini ikiwa na kibonge hatimaye kibonge hicho huisha. Zirkonia haiishi. Kwa hiyo kosa la dakika tano kwenye kiti cha daktari linaweza kuendelea kukwaruza kwa miaka kumi.

Kosa lenyewe hutokea wapi

Mara nyingi hutokea siku ya kuvalisha. Kofia imegandishwa, mgonjwa anafunga mdomo, anasema anahisi imezidi. Daktari anaweka karatasi ya rangi kati ya meno, anaona doa, anachukua msumari wa almasi, yaani ncha ya mashine ya kuchongea, na kulipunguza. Mpaka hapo kazi ni sahihi. Kinachosahaulika ni kurudisha uso. Almasi ile imeacha mitaro, na mgonjwa anaondoka na tupa mdomoni, akiwa na furaha kwamba sasa jino halizidi.

Utaratibu unaofaa si mgumu. Marekebisho yafanyike kadiri inavyowezekana kabla ya kugandisha, kofia ikiwa bado inatoka. Itumike almasi ya chembe ndogo, kwa mkono mwepesi na maji mengi, kwa sababu zirkonia haipitishi joto vizuri na sehemu iliyopata moto inaweza kupata nyufa zisizoonekana. Kisha zifuate raba zenye unga wa almasi, ya chembe kubwa, ya kati na laini, kila moja ikifuta mikwaruzo ya iliyotangulia. Kuruka raba ya kati ndilo kosa la kawaida: uso utang'aa kwa mbali huku mitaro mirefu ikiwa bado ipo chini. Raba ziwe za kauri husika, maana zinazofaa kauri ya zamani hazifui dafu mbele ya zirkonia.

Jambo jingine ni ung'avu wa kuchomwa. Maabara nyingi hupaka kofia tabaka jembamba la glasi na kulichoma ili ing'ae. Linapendeza siku ya kwanza, lakini kwenye sehemu za kutafunia hufutika, mara nyingi ndani ya miezi tu, na chini yake unakutana na uso ambao fundi hakuwahi kuung'arisha kwa kuwa alijua utafunikwa. Kwa hiyo kwenye zirkonia, fundi mzuri hung'arisha kwanza kwa mkono, halafu kama anapenda glasi ya juu aiweke kwa ajili ya rangi. Mgonjwa anaweza kuuliza hili bila aibu: "Sehemu ya kutafunia imeng'arishwa kwa raba au imepakwa glasi tu?"

Kwa nini kofia hufa

Wengi wanadhani kofia hufa kwa kuvunjika. Zikifuatiliwa kwa miaka mitano, kofia za kauri zilizotengenezwa vizuri hubaki mdomoni zaidi ya 90 katika kila 100, na tofauti kati ya litiamu disilikati, zirkonia na kauri juu ya chuma si kubwa kama bei zinavyodai. Zinazoondoka mara nyingi huondoka kwa sababu ya jino lililo chini: uozo ulioingia kwenye ukingo, mzizi uliopasuka, mshipa uliokufa, au kofia kuchomoka. Kauri haiozi. Jino lililovishwa linaoza, na linaoza pale pale ambapo kofia inaishia na jino linaanza, karibu na ufizi, mahali ambapo mswaki wa haraka haufiki.

Kuvunjika kupo, lakini kuna sura zake. Zirkonia za mwanzo zilifunikwa kwa kauri ya zamani juu ili zipendeze. Kiini hakikuvunjika, ila kauri ya juu ilibanduka vipande. Sababu mojawapo ilikuwa kupooza haraka baada ya kuchoma. Zirkonia hushika joto ndani, kauri ya juu ikapoa kwanza, na mvutano ukabaki umefungiwa humo, kama glasi ya moto iliyomwagiwa maji baridi ikasubiri kugongwa. Mafundi wakajifunza kupooza taratibu, na wengi wakahamia kwenye zirkonia nzima isiyo na tabaka la juu. Kwa magego hilo ndilo chaguo la busara.

Unene nao una amri yake. Zirkonia hodari inaridhika na nafasi ya milimita 0.5 hadi 1 juu ya gego. Litiamu disilikati inataka karibu 1.5, na inaweza kushuka hadi 1 kama imegandishwa kwa gundi juu ya enameli. Kauri juu ya chuma inataka 1.5 hadi 2. Nguvu ya kauri hupungua upesi unene unapopungua: ukipunguza unene nusu, uwezo wa kubeba haushuki nusu, unashuka hadi karibu robo. Ndiyo maana kofia ya litiamu disilikati iliyobanwa kwenye nafasi ya zirkonia hupasuka katikati, kisha mgonjwa anaambiwa alitafuna mfupa. Mtu mzima anaweza kuuma kwa magego kwa nguvu ya nyutoni 500 hadi 800, sawa na uzito wa mtu wa kilo 50 hadi 80 aliyesimama juu ya jino moja. Mfupa haukuwa na kosa peke yake.

Kugandisha ni sura nyingine inayochanganya. Litiamu disilikati hupakwa ndani asidi ya hidrofloriki ya asilimia 5 kwa sekunde 20, nje ya mdomo, ikaoshwa, kisha ikapakwa sileini, dawa inayounganisha glasi na gundi, kwa dakika moja kabla ya gundi. Zirkonia haina glasi, kwa hiyo asidi hiyo haiisaidii kitu. Yenyewe hupulizwa unga wa alumina wa mikromita 50 kwa shinikizo la chini, bari 1 hadi 2, halafu hupakwa dawa yenye MDP, molekuli ambayo kichwa chake cha fosfeti hushika zirkonia. Na hapa kuna mtego. Mate yana fosfeti, nayo huwahi kukaa kwenye zirkonia wakati wa kujaribisha. Daktari akisafisha kwa asidi ya fosforiki, kama alivyozoea kwa kauri nyingine, anaongeza fosfeti juu ya fosfeti na kuziba viti vyote. Gundi inakosa pa kushika. Kofia iliyochomoka baada ya miezi mitatu, safi ndani na gundi yote imebaki kwenye jino, mara nyingi inasimulia kisa hicho. Kupuliza unga kufanyike baada ya kujaribisha.

Kama jino lililochongwa ni refu, milimita 4 au zaidi kwenye gego, na kuta zake hazijalala sana, saruji ya kawaida inatosha kuishika zirkonia. Jino likiwa fupi, gundi yenye MDP si anasa.

Lipi liende wapi

Kwa meno ya mbele, ambapo mwanga unapita na watu wanatazama, litiamu disilikati au zirkonia ya 4 au 5 ni sahihi. Kama jino la chini limekuwa jeusi au lina nguzo ya chuma, kauri inayopitisha mwanga itaonyesha giza lile, na zirkonia ya 3 au kauri juu ya chuma itaficha vizuri zaidi. Kwa magego ya nyuma, zirkonia nzima ya 3 au 4, iliyong'arishwa. Kwa anayesaga meno usingizini, zirkonia hodari pamoja na kinga ya plastiki ngumu ya kuvaa usiku. Bila kinga, kofia itasalimika na jino la upande wa pili ndilo litakalolipa, hata uso uwe laini namna gani.

Wakazi wa Arusha, Kilimanjaro, Nakuru na maeneo mengine ya Bonde la Ufa ambako maji yana floridi nyingi wanahusika na mada hii kwa namna ya pekee. Meno yenye madoa ya kahawia kwa floridi huwa mazima kwa ndani, na mtu huambiwa suluhisho ni kofia kumi za zirkonia. Kofia kamili huondoa karibu theluthi mbili hadi robo tatu ya uzito wa sehemu ya jino inayoonekana, na kilichochongwa hakirudi. Kwa meno ya namna hiyo, kusugua tabaka la juu kwa dawa maalumu, kuyafanya meupe, au kubandika vipande vyembamba vya mbele kwanza ni haki ya mgonjwa kuelezwa. Hayo yanawahusu pia wanaosafiri Uturuki kwa tabasamu la picha. Meno mazima yaliyochongwa kuwa vijiti yanaweza kufa mshipa mmoja baada ya mwingine, na kofia zenyewe zitahitaji kubadilishwa zaidi ya mara moja katika maisha ya kijana wa miaka 25.

Jambo dogo kwa wenye kofia za glasi, yaani kauri ya zamani na litiamu disilikati: jeli ya floridi yenye asidi, inayopakwa kliniki kuzuia uozo, hula uso wa glasi na kuukwaruza. Jeli isiyo na asidi inafanya kazi ile ile. Mwambie daktari una kofia kabla hajapaka.

Na kabla ya kutoka kliniki siku ya kuvalishwa, omba iandikwe kwenye karatasi: aina ya kauri, jina la bidhaa, kama ni zirkonia ni ya itria ngapi, na imegandishwa kwa nini. Siku mshipa ukiuma miaka saba baadaye, daktari mwingine atalazimika kutoboa kofia hiyo ili afikie mizizi. Litiamu disilikati na zirkonia hazitobolewi kwa msumari mmoja wala kwa mwendo mmoja, na litiamu disilikati inayotobolewa bila kujua inaweza kupata ufa unaoonekana wiki ya pili. Karatasi ile itamwonyesha achukue msumari upi.